Mkandaji Anatibu Nini?

Muulize mtu wa Dar es Salaam au Mombasa aliyekakamaa shingo anakwenda wapi kutafuta nafuu, utapata majibu matatu. Yuko anayekwenda kwa bibi wa mtaani mwenye chupa ya mafuta ya nazi na vidole vinavyosifika. Yuko anayelipia saa nzima ya masaji saluni au hotelini, taa zikiwa hafifu na muziki ukipiga taratibu. Na yuko anayeandikiwa na daktari aende kitengo cha fiziotherapia, akapange foleni pamoja na waliopata kiharusi na waliovunjika miguu. Wote watatu huishia kulala kifudifudi na kushikwa na mikono ya mtu mwingine, na wengi wao huinuka wakiwa na nafuu.

Maelezo ya nafuu hiyo ndiyo yanayotofautiana. Bibi atasema mshipa ulikuwa umepanda, naye ameushusha. Wa saluni atasema ametoa sumu mwilini. Wa hospitali atasema misuli ilikaza, ameilegeza. Haiwezekani wote wawe sahihi, na kama tutakavyoona, hata la mwisho lina mashaka yake. Basi, ikiwa nafuu ipo na maelezo yake yanalegalega, mkono unafanya nini hasa? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua nguvu gani itumike, kwa muda gani, kwa nani, na lini mkandaji anapaswa kufuta mafuta mikononi na kumwambia mtu aende hospitali.

Mzigo wenyewe

Tuanze na mgongo wa chini, maana ndio unaoongoza kwa kulemaza watu duniani. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2023 yanaonyesha kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya eneo hilo, na kwamba ifikapo 2050 watafika milioni 843. Sura zao tunazijua: msukuma mkokoteni wa Kariakoo, mwendesha bodaboda anayeshinda kutwa akirushwa na mashimo, mama anayejitwika ndoo kichwani, fundi cherehani aliyeinamia pindo, karani asiyenyanyuka mbele ya kompyuta.

Kwa wengi wao kimbilio la kwanza ni duka la dawa. Vidonge vya diklofenaki na ndugu zake hupoza haraka, lakini vikitumiwa mwezi hadi mwezi bila usimamizi huchubua tumbo na kuumiza figo. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini ulipewa uzito. Unashauri mgonjwa aelimishwe kuhusu hali yake, afanye mazoezi, na masaji imo katika orodha ya tiba zinazoweza kutumika. Unashauri mikanda ya kiuno na dawa za jamii ya afyuni zisitumike kama desturi. Masaji, basi, imekaribishwa barazani. Imekaribishwa kwa tahadhari, kwa kuwa ushahidi wake bado ni mwepesi, na haikupewa kiti cha kukaa peke yake.

Yanakotoka maumivu

Mazoea yanatuambia kwamba panapouma ndipo palipoharibika. Kwa jeraha la kisu ni kweli. Kwa mgongo unaouma miezi minane, mara nyingi si hivyo. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za mgongo za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na visahani vilivyochakaa kati ya pingili. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Watu hao walikuwa wakitembea, wakiinama na kulala bila kuhisi lolote. Uchakavu unaoonekana kwenye picha ni kama mvi: huja na umri, na mara nyingi hauna kesi ya kujibu.

Misuli nayo ina hadithi yake. Karibu kila mkandaji husema habari za mafundo, yaani vile vivimbe vidogo vigumu ambavyo ukivibonyeza mtu huruka. Aliyeyapa jina kubwa katika tiba ya Magharibi ni Janet Travell, daktari wa Rais John F. Kennedy, ambaye mwaka 1983 alitoa kitabu kikubwa juu yake akishirikiana na David Simons. Kwamba kuna sehemu za misuli zinazouma zikibonyezwa hakuna anayebisha. Ubishi upo juu ya chanzo chake. Tena wataalamu wakipewa mgonjwa mmoja kila mtu kwa wakati wake, mara nyingi hawakubaliani fundo liko wapi. Kitu ambacho mafundi wawili hawawezi kukiona mahali pamoja, ni vigumu kusema mmoja wao amekivunja.

Kilichobadilisha mawazo ya wengi ni kazi ya Ronald Melzack na Patrick Wall ya mwaka 1965. Walipendekeza kwamba habari za maumivu hazipandi moja kwa moja kutoka kwenye nyama hadi ubongoni. Ndani ya uti wa mgongo hupita penye lango, na lango hilo linaweza kufunguliwa zaidi au kubanwa. Habari za mguso na mwendo hulibana. Hofu, uchovu na kukosa usingizi hulilegeza. Sehemu za nadharia yao zimerekebishwa tangu wakati huo, lakini msingi umesimama: maumivu ni uamuzi wa mfumo wa fahamu kwamba kuna hatari. Uamuzi huo unaweza kuwa sahihi, unaweza kutiwa chumvi, na unaweza kuendelea muda mrefu baada ya jeraha kupona.

Yasiyotokea chini ya kiganja

Hapo tunaweza kurudi kwenye meza ya masaji na kuondoa kwanza yale yasiyo na mashiko. La sumu ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo jepesi kuliko yote. Damu husafishwa na ini na figo, mchana na usiku, wala hazingojei kusukumwa na mtu. La asidi ya laktiki limefuatana nalo kwa karibu: eti mkimbiaji akikandwa, asidi aliyoilimbikiza mazoezini hutoka. Ukweli ni kwamba asidi hiyo huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, wala siyo inayoleta yale maumivu ya kesho yake na keshokutwa.

La tatu ni kwamba vidole huvunja makovu na kunyoosha utando unaofunika misuli. Utando wa paja ni mgumu mno. Hesabu zilizofanywa juu yake zinaonyesha kwamba kuunyoosha hata kidogo kunahitaji nguvu kubwa kuliko mkono wa mtu unavyoweza kutoa bila kumuumiza aliyelala. Imani hii ina madhara, maana ndiyo mama wa ile kauli kwamba usipolia hujakandwa. Mkandaji anayeamini kwamba anavunja kitu ataongeza nguvu kila kinapokataa kuvunjika. Mteja atauma meno, misuli itakaza kujilinda, na kesho yake atakuwa na alama za bluu mgongoni. Zimeandikwa habari za watu ambao misuli yao iliumia kwa kukandwa kwa nguvu kupita kiasi hadi figo zikaingia matatani. Ni nadra, lakini hatari hiyo inakubaliwa kwa faida ambayo haipo.

Yanayotokea kweli

Linalobaki ni dogo kwa maneno, ila lina nguvu. Kwanza, mguso wenyewe hushindana na maumivu katika lile lango. Mtoto akijigonga goti hulisugua bila kufundishwa.

Pili, ngozi yenye vinyweleo ina nyuzi za fahamu ambazo hazishughulikii kukata wala kuungua. Nyuzi hizo huitika zaidi ngozi inapopapaswa polepole, kwa mwendo wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na hupeleka habari katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia za utulivu. Kiganja kinachotoka kiwikoni hadi kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde tano kiko ndani ya mwendo huo. Bibi wa mtaani ameufuata miaka yote bila kupimiwa na mtu.

Tatu, mtu aliyelala mahali salama, anayepumua taratibu na kusikilizwa, mwili wake hupunguza tahadhari: mapigo ya moyo hushuka, na misuli iliyokuwa ikijikaza bila yeye kujua huachia. Nne, na hili husahauliwa, kiungo kikishapoa kwa saa chache mtu hukitumia. Aliyeogopa kugeuza shingo huigeuza, akaona haikukatika. Kila anapoigeuza salama, mfumo wa fahamu hupata sababu ya kupunguza kelele.

Mafuta nayo yana nafasi yake. Dawa za kuchua zenye pilipili au mentholi hazifiki kwenye mfupa kama matangazo yanavyodai. Hugusa vipokezi vya joto na baridi vilivyo kwenye ngozi. Kipokezi kinachoitika pilipili kiligunduliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius, naye mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobeli pamoja na Ardem Patapoutian aliyegundua vipokezi vya mgandamizo. Mafuta ya karafuu ya Pemba yana eujenoli, ambayo hutia ganzi kidogo. Madaktari wa meno wanaijua siku nyingi. Mafuta ya nazi hayana dawa yoyote ya kujisifia, ila hufanya kiganja kiteleze, na bila kuteleza hakuna mwendo wa taratibu.

Yaliyopimwa

Jaribio moja lililofanyika Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2011 linafaa kukumbukwa na kila mkandaji. Watu 401 wenye maumivu sugu ya mgongo waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilikandwa kwa ufundi wa kutafuta misuli yenye kasoro na kuirekebisha. La pili lilipewa masaji ya kutuliza mwili tu. La tatu liliendelea na matibabu ya kawaida. Baada ya wiki 10 za kukandwa saa moja kila wiki, makundi yote mawili yaliyokandwa yalikuwa na hali bora kuliko la tatu, na kati yao hakukuwa na tofauti ya maana. Ufundi wa kuwinda misuli haukuushinda utulivu. Kadiri miezi ilivyopita faida ilipungua, na kufikia mwaka mmoja ilikuwa ndogo.

Kwa shingo, jaribio la mwaka 2014 lenye watu 228 liliangalia kipimo cha masaji. Nusu saa, hata ikirudiwa mara kadhaa kwa wiki, haikuwa bora kuliko kusubiri bila kukandwa. Saa nzima mara mbili au tatu kwa wiki ndiyo iliyoleta nafuu kubwa. Na kwa wanamichezo, uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 99 uliiweka masaji mbele ya mbinu nyingine za kupunguza maumivu na uchovu baada ya mazoezi. Wakimbiaji wa Iten na Kaptagat, ambao kukandwa ni sehemu ya ratiba yao, wana sababu.

Ukiyaweka pamoja unapata picha iliyo wazi: nafuu ya kweli, ya ukubwa wa kadiri, inayodumu siku au wiki, inayohitaji muda kuliko nguvu, na inayoyeyuka isipofuatwa na jambo jingine.

Kazi inavyokwenda mezani

Tuseme fundi cherehani anakuja kwa mkandaji anayeijua kazi yake. Bado hajavua shati.

“Fundi, geuza shingo kulia. Haya, kushoto. Wapi panagoma?”

“Kushoto, dada. Gari likija upande huo nageuka mwili mzima.”

Yanafuata maswali. Mkono unakufa ganzi? Homa za jioni? Nguo zimeanza kupwaya bila sababu? Uliwahi kuanguka? Unalalaje? Majibu yakiwa safi, fundi analala kifudifudi, mkandaji anaweka viganja mgongoni na kuviacha hapo kidogo bila kubonyeza. Kisha mafuta, na miondoko mirefu kutoka kisogoni hadi begani, kwenda na kurudi, hadi pumzi ya fundi irefuke. Hapo ndipo kidole gumba kinapotafuta pembe ya juu ya bapa la bega, pale panapoanzia msuli unaopanda kwenda shingoni.

“Kati ya sifuri na kumi, hapa panauma ngapi?”

“Sita. Lakini ni yale maumivu matamu.”

“Yakifika nane sema. Usinivumilie.”

Anashikilia hapo kwa pumzi chache, hakandamizi zaidi, mpaka sita iwe tatu. Macho yake yako miguuni: vidole vya fundi vikijikunja, amepita kiasi, hata kama fundi mwenyewe amenyamaza kiume. Mwisho fundi anaketi na kugeuza shingo tena, kushoto. Imeongezeka. Kipimo hiki cha kabla na baada ndicho kinachotenganisha tiba na starehe, maana kisipofanywa hakuna anayejua kilichobadilika.

Kisha mazungumzo yanahamia kwenye cherehani. Kiti kina urefu gani? Taa iko upande upi? Kila akimaliza nguo moja, asimame, azungushe mabega, ageuze shingo pande zote mbili. Maneno hayo ya dakika tano ndiyo yatakayoamua kama nafuu ya leo itafika mwezi ujao.

Pasipokandwa

Yale maswali ya mwanzo hayakuwa adabu tu. Katika nchi zetu, mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kuukanda ni kuchelewesha dawa wakati pingili zinaliwa. Anayeumwa mgongo na kushindwa kuzuia mkojo, au akahisi ganzi sehemu za siri na mapajani ndani, anahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Kigimbi kimoja kilichovimba, chenye joto na maumivu, huenda kina damu iliyoganda. Kukichua kunaweza kuing'oa ikaenda mapafuni. Aliyewahi kuugua saratani akianza kuumwa mifupa, akapimwe kwanza. Mtoto mwenye selimundu anayelia mifupa huku ana homa ni mgonjwa wa wodini.

Mila zetu mbili zinahitaji jicho la pekee. Ya kwanza ni kumkanda mjamzito tumbo ili mtoto ageuke. Mgandamizo wa namna hiyo unaweza kubandua kondo, na mama akavuja damu. Ya pili ni kumkanda mzazi kwa maji ya moto katika arobaini. Kukaa na mzazi, kumwosha na kumpumzisha ni jambo la huruma, lakini maji yanayochoma hujeruhi ngozi, na wiki sita hizo ndizo ambazo damu huganda kirahisi miguuni. Anayemkanda mzazi ndiye mtu wa kwanza kuweza kuona mguu mmoja umezidi mwingine unene, ikiwa amefundishwa kuutazama.

Kwa vinyozi wanaomalizia kazi kwa kuzungusha shingo ya mteja ghafla hadi ilie, neno ni moja: waache. Mishipa mikubwa ya damu inayopanda ubongoni imepita humo, nayo imewahi kuchanika.

Nani anastahili kuitwa mtaalamu

Kazi hii imekuwa ikipigania heshima muda mrefu, na si Afrika Mashariki tu. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa London waliunda chama cha wakandaji wenye mafunzo, wakati magazeti yalipokuwa yakifichua nyumba za ukahaba zilizojiita za masaji. Walitaka mtihani, kanuni na jina safi. Chama hicho ndicho kilichokua kikawa chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza. Yaani taaluma inayoheshimika leo hospitalini ilizaliwa kutoka meza ya masaji, kwa kukubali kupimwa.

Kwetu, Kenya ina sheria ya wataalamu wa fiziotherapia ya mwaka 2014 na baraza lake. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, nayo pia ina baraza. Hata hivyo watu wengi hukandwa na mtu ambaye hajawahi kuingia ofisi ya baraza lolote. Wako wanaotaka wapigwe marufuku. Hilo halitekelezeki, na likitekelezwa litawaacha mamilioni na vidonge tu, kwa sababu kliniki za fiziotherapia ziko mjini na foleni zake ni ndefu.

Ushahidi tulioupitia unaelekeza kwingine. Kama utulivu unatoa nafuu sawa na ufundi wa kurekebisha misuli, basi bibi wa mtaani hahitaji diploma ili awe na faida. Mikono yake inatosha. Asichokuwa nacho ni orodha ya maswali. Wakunga wa jadi waliwahi kufundishwa dalili za hatari ili wampeleke mjamzito kituoni mapema, na somo la namna hiyo kwa wakandaji lingekuwa fupi zaidi: homa na kukonda, mkojo usiozuilika, ganzi, kigimbi kilichovimba, tumbo la mjamzito, maumivu yasiyopungua baada ya kukandwa mara tatu nne. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kulifundisha kwa asubuhi moja, bila kifaa chochote.

Mteja naye ana lake. Asimpime mkandaji kwa ukali wa vidole. Aangalie kama ameulizwa kabla ya kushikwa, kama neno lake “punguza” linasikilizwa, na kama ameondoka na kazi ya kufanya nyumbani. Mkandaji anayekuambia urudi kwake kila wiki maisha yako yote amepata mshahara. Yule ambaye baada ya mwezi unamhitaji kidogo kuliko mwanzo, huyo ndiye aliyekutibu.